Weusi Si Ugonjwa: Hotuba kwa Wahudumu wa Afya kuhusu Laikeni Planasi

Ndugu wauguzi, maafisa tabibu, akina mama na akina baba wa VHT, yaani timu za afya za vijijini, na ninyi wenye maduka ya dawa mliokubali kufunga milango asubuhi hii: karibuni, na asanteni kwa kufika hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wengine mmetoka Koboko, Yumbe na Adjumani, na wachache mmevuka mpaka kutoka Kongo, ndiyo maana leo tunazungumza Kiswahili.

Mezani tuna ugonjwa mmoja tu, laikeni planasi, ugonjwa wa ngozi na kinywa. Hauambukizi, hauna mabango barabarani, na ni nadra umlaze mtu wodini. Kwa makadirio ya kawaida huwapata watu wasiozidi 1 kati ya 100, wengi wakiwa na umri wa miaka 30 hadi 60. Hata hivyo mgonjwa wake kila mmoja wenu anamjua. Ni yule anayeingia na mfuko wa nailoni uliojaa tyubu zilizokamuliwa hadi mwisho, ananyoosha mikono na kusema: "Musawo," yaani daktari, "nimepaka zote hizi, weusi hautoki."

Basi tuanze na huo weusi, kwani ndipo matibabu mengi yanapopotea njia.

Ngozi ya juu, mahali inapokutana na ngozi ya ndani, ina safu moja ya seli ambazo ndizo zinazozaa seli nyingine zote za juu. Hapo hapo ndipo melanini, yaani rangi yetu, inapotengenezwa na kugawiwa. Katika laikeni planasi, chembe za kinga zinazoitwa limfosaiti T hujikusanya chini ya safu hiyo, zikaishambulia kana kwamba ni adui. Seli zinakufa. Melanini iliyokuwa ndani yake inamwagikia chini, kwenye ngozi ya ndani, kama wino uliopenya mkeka ukaishia sakafuni. Huko inamezwa na seli zinazokula takataka, na seli hizo hazina haraka. Hukaa na mzigo wao miezi mingi, pengine miaka.

Maana yake ni hii: vita vikiisha, alama inabaki. Hakuna dawa ya kupaka inayofika kule chini ikaichota melanini ile. Mtu mweupe akipona hubaki na doa la kahawia hafifu ambalo hata yeye hulisahau. Kwetu sisi hubaki doa jeusi au la kijivu, tena kwenye mikono na miguu ambako kila mtu analiona. Mgonjwa anaona doa anasema hajapona. Mhudumu anaona doa anaongeza dawa. Wote wawili wanatibu kitu ambacho si ugonjwa.

Ndiyo maana jambo la kwanza tunalowaomba ni kujifunza kutenganisha kipele kilicho hai na alama yake. Mkalishe mgonjwa karibu na dirisha. Mulika tochi kwa ubavu, si kutoka juu, mwanga upite sambamba na ngozi. Kipele hai kimeinuka, kilele chake ni bapa, na kinang'aa. Upana wake ni kama milimita 2 hadi sentimita 1, na kingo zake zina pembe pembe, si duara kamili. Kinawasha, na usiku muwasho huzidi. Sasa fumba macho upitishe ncha ya kidole. Kipele hai utakigonga. Alama hutaigonga: kidole kinateleza kama juu ya ngozi nyingine yoyote, na mgonjwa mwenyewe atakuambia hapo hapawashi. Kwa mtu mmoja utavikuta vyote viwili pamoja, tena sentimita chache kutoka kimoja hadi kingine. Hesabu vipele hai, andika idadi na mahali vilipo. Idadi hiyo ndiyo itakayokuambia mwezi ujao kama dawa inafanya kazi.

Kuna kipimo kingine kisichogharimu kitu. Dondosha tone la mafuta ya kula juu ya kipele, kisha kiangalie kwa lenzi ya kukuzia. Mafuta yanaondoa mng'ao, na chini yake unaona vistari vyembamba vyeupe au vya kijivu vinavyokatana. Erasmus Wilson aliueleza ugonjwa huu huko Uingereza mwaka 1869, na mistari hii ikaja kuelezwa vizuri na Mfaransa Louis Wickham mwaka 1895, hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ukiiona, shaka yako imepungua sana. Usipoiona, usikate tamaa, kwani vipele vilivyokunwa sana huwa vimeipoteza.

Vitabu vingi vitawaambia kwamba vipele hivi ni vya zambarau. Vimeandikwa kutokana na ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu tarajieni kahawia iliyokolea, kijivu, weusi wenye uzambarau kwa mbali, na mara nyingine weusi mtupu. Anayesubiri zambarau atawapita wagonjwa wengi.

Mahali pa kuangalia ni upande wa ndani wa vifundo vya mikono, mikono hadi kiwiko, miundi, vifundo vya miguu, na kiunoni nyuma. Uso kwa kawaida husalimika. Uangalie pia mstari wa vipele uliofuata mkwaruzo. Ugonjwa ukiwa hai, ngozi ikijeruhiwa, vipele vipya huota palipojeruhiwa: mwiba ulipopita shambani, ukanda wa suruali unaposugua, mgonjwa alipojikuna kwa kucha. Na palipochanjwa chale. Tunalisema hili bila kumdharau mganga wala mzee wa mtu yeyote, lakini mwenye laikeni planasi akichanjwa chale 20 ili "damu chafu itoke", wiki mbili au tatu baadaye anaweza kuwa na mistari 20 ya vipele. Mwambieni kabla hajaenda, maana akisharudi mmechelewa kuzuia.

Kwenye miundi ugonjwa huu una sura nyingine. Vipele hujiunga vikawa mabamba mazito, magumu, yenye magamba, yanayowasha kupita kiasi. Hiyo ndiyo aina sugu zaidi, hukaa miaka, na ikikaa muda mrefu sana kuna hatari ndogo ya saratani ya ngozi kuota juu yake. Bamba lililokuwa kavu likageuka kidonda kisichofunga, au likaota kinyama, halipakwi tyubu nyingine. Linakatwa kipande likapimwe.

Sasa, ni nini kinachofanana nayo hapa kwetu? Kinachowachanganya wengi zaidi ni vipele vya muwasho vya watu wanaoishi na VVU, vile vinavyojaa mikononi na miguuni na kuacha madoa meusi. Utafiti uliofanyika hapa Uganda na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba vingi vya vipele hivyo ni mwitikio wa kupita kiasi wa kuumwa na wadudu. Vyenyewe ni vya mviringo, vina kilele kilichochongoka au kilichokunwa, havina mng'ao bapa wala mistari ya Wickham, na mdomoni hakuna kitu. Mgonjwa wa namna hiyo apimwe VVU kama hajui hali yake.

Upele wa kawaida huanza katikati ya vidole na kuwasha nyumba nzima, wakati laikeni planasi haiwawashi wengine nyumbani. Kaswende ya hatua ya pili huleta madoa hadi viganjani na nyayoni, na kwa kawaida haiwashi. Kipimo chake cha damu ni rahisi na dawa ipo, kwa hiyo ukiwa na shaka pima. Ugonjwa wa usubi, ule wa upofu wa kando ya mito yenye maji yaendayo kasi, nao huleta muwasho wa miaka na ngozi iliyonenepa, hasa kwa watu wa maeneo yaliyokuwa na ugonjwa huo.

Lakini ule ambao hatupendi mkosee ni kansa ya Kaposi. Nayo ina rangi ya zambarau au nyeusi, nayo hupenda miguu na mdomo. Tofauti yake: haiwashi, ni ngumu kama imejaa ndani, mara nyingi mguu umevimba, na mdomoni hukaa kwenye kaakaa au fizi ikiwa uvimbe au bamba la zambarau, si mistari myeupe. Mtu wa namna hiyo hasubiri mwezi. Apewe rufaa wiki hiyo hiyo.

Tuingie kwenye swali la dawa, maana hapa wenye maduka ya dawa mna kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Kuna vipele vinavyofanana kabisa na laikeni planasi ambavyo vimeletwa na dawa. Zinazojulikana kwa hili ni dawa za malaria za jamii ya kwinini na klorokwini, vidonge vya presha kama haidroklorothiazaidi, kaptoprili, methildopa na propranololi, dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, na baadhi ya dawa za kifua kikuu, ikiwemo isoniazidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari waliopigana Pasifiki walipewa mepakrini kuzuia malaria, na wengi wao walipata ngozi ya namna hii. Madaktari wakajifunza kwa njia ngumu.

Kinachowapoteza watu ni muda. Mzio wa kawaida huja ndani ya siku chache, kwa hiyo mgonjwa anasema kwa haki kabisa, "Dawa ya presha nimeimeza miezi minne sasa, haiwezi kuwa hiyo." Inaweza. Vipele hivi hujitokeza baada ya wiki nyingi, miezi, hata zaidi ya mwaka. Na dawa ikiachwa havikimbii kesho yake. Vinachukua wiki hadi miezi. Dalili zinazoelekeza huko ni vipele kuenea mwili mzima au kwenye sehemu zinazopigwa na jua, kuwa na magamba mengi kuliko kawaida, na mdomo kubaki safi.

Basi usiulize, "Unatumia dawa gani?" Mtu atataja za leo. Uliza, "Katika mwaka mzima uliopita umemeza nini, umechomwa nini, umechemsha miti gani?" Kisha, na hili ni muhimu kama lile la kwanza, usimwachishe dawa ya presha au ya kifua kikuu hapo kwenye kaunta. Mwenye presha hubadilishiwa na aliyemwandikia. Wa kifua kikuu ni kliniki yake peke yake inayoamua, kwa sababu dozi iliyokatwa katikati ni balaa kubwa kuliko muwasho wowote.

Mengi yameandikwa kuhusu homa ya ini C na ugonjwa huu. Uhusiano huo umeonekana wazi katika nchi kama Italia na Japani, na hauonekani sana Uingereza. Pale kipimo kinapopatikana tunashauri kipimwe mara moja, hasa kwa mwenye vidonda vya mdomoni. Msikichanganye na kile cha homa ya ini B ambacho watu wa West Nile, eneo letu hili, wamekizoea. Ni virusi viwili tofauti na vipimo viwili tofauti.

Sasa fungueni midomo ya wagonjwa. Huko hakuna weusi wa kukupotosha, lakini pia hakuna anayeangalia. Nusu au zaidi ya wenye vipele vya ngozi wana kitu kinywani, na wengine wana cha kinywani peke yake. Unahitaji glavu, tochi, kijiti cha kukandamizia ulimi na kipande cha shashi. Vuta shavu kwa nje, mulika upande wa ndani usawa wa magego ya nyuma. Utakachotafuta ni wavu wa nyuzi nyeupe zilizosukana, na karibu kila mara upo pande zote mbili. Ukiuona shavu la kulia, nenda la kushoto uuthibitishe. Kisha juu na ubavuni mwa ulimi, kisha fizi. Futa ule weupe kwa shashi. Fangasi hubanduka na kuacha wekundu. Laikeni planasi haibanduki. Weupe wenye vimistari kwenye ubavu wa ulimi wa mtu mwenye VVU ni kitu kingine tena, na mara nyingi mashavu yake hayana wavu.

Wavu mtupu usiouma hautibiwi. Mwambie mgonjwa ni nini, mwachie. Aina inayohitaji tiba ni ile ya mchubuko: katikati ya nyuzi nyeupe pana sehemu nyekundu iliyochunika, au fizi zote za mbele zimekuwa nyekundu na kuwaka moto kila brashi inapozigusa. Huyu hawezi kula nyanya, nanasi, maji ya matunda ya pasheni, pilipili, wala mahindi ya kuchoma. Apikiwe matoke yaliyopondwa, posho laini au kalo (ugali wa ulezi) vilivyopoa, mchuzi wa karanga usio na pilipili, parachichi. Waragi, sigara na mairungi vinachoma na kuchuna. Na sigara na pombe, kwa mdomo ambao tayari una ugonjwa, ni hatari ya saratani juu ya nyingine. Brashi iwe laini. Meno yaendelee kupigwa mswaki hata kama fizi zinauma, kwa sababu ukoga ukijaa fizi huvimba zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuzidisha tatizo.

Dawa yake ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza shambulio la kinga, ya kusukutua. Penye dawa ya maji ya deksamethasoni ya miligramu 0.5 kwa kila mililita 5, achukue mililita 5, asukutue dakika 3 hadi 5, ateme yote, na asile wala asinywe kwa nusu saa. Mara mbili hadi nne kwa siku. Penye vidonge vya prednisoloni vya miligramu 5 tu, saga kimoja, koroga ndani ya mililita 15 za maji, yaani kijiko kikubwa kimoja, atumie vivyo hivyo. Neno la kusisitiza ni kutema. Kila mara kuna anayemeza akidhani ndiyo itafanya kazi vizuri. Angalieni fangasi katika wiki ya pili, maana steroidi huwaalika. Mkiwaona, nistatini ya maji inatosha. Na kama doa limekaa upande mmoja tu, sawasawa na jino lililozibwa kwa madini ya fedha, mpelekeni kwa daktari wa meno, kwa sababu uzibaji huo wenyewe unaweza kuwa ndio chanzo.

Laikeni planasi ya kinywani ni ya miaka, si ya miezi. Na takriban mgonjwa 1 kati ya 100, baada ya muda mrefu, hupata saratani hapo hapo. Haitoshi kumtisha mtu, inatosha kumwangalia kila baada ya miezi 6. Kidonda kilichozidi wiki 3, ugumu unaousikia kwa kidole, au uvimbe: rufaa.

Sehemu za siri ziulizwe kwa heshima na bila kupindapinda. Kwa wanaume huwa ni pete ya vipele kwenye kichwa cha uume, na huitikia dawa vizuri. Kwa akina mama huweza kuwa michubuko myekundu yenye ukingo mweupe kwenye mlango wa uke, inayouma wakati wa kukojoa na katika tendo la ndoa. Wengi wao wameshamaliza antibiotiki za kila aina kwa kudhaniwa wana kisonono, na baadhi ndoa zao zimeingia maneno. Mwelezeni yeye, na mume akikubali aelezwe naye, kwamba hili si la zinaa na hakuna aliyemletea mwenzake. Lisipotibiwa huacha makovu yanayobana njia, kwa hiyo huyu pia ni wa rufaa. Mwanamke mwenye fizi nyekundu zinazochunika aulizwe kuhusu uke; vitu hivi viwili hupenda kwenda pamoja.

Kichwani ugonjwa huu huua shina la unywele. Ukiona upara wenye ngozi laini isiyo na vitundu, na pembeni yake vinyweleo vilivyozungukwa na magamba na wekundu au weusi, usiseme ni kusuka kwa kubana. Kusuka hukatia nywele za pembezoni na mwanzoni hakuachi kovu. Hapa unywele ulioondoka haurudi, wala hakuna awezaye kuuotesha. Unachookoa ni ule uliobaki, na kila wiki ina bei yake. Kucha nazo, kwa mgonjwa kama 1 kati ya 10, hukonda, hupata mistari ya urefu, na mwisho ngozi ya nyuma husonga mbele ikaigawa kucha mara mbili. Ikifika hapo hairudi.

Turudi kwenye ngozi na tyubu. Dawa ya kwanza ni steroidi kali ya kupaka: klobetasoli ya asilimia 0.05, ya mafuta mazito kuliko krimu kwa mabamba makavu. Inapakwa juu ya kipele hai tu, mara moja au mbili kwa siku, wiki 2 hadi 4, kisha mgonjwa anaangaliwa upya. Isipakwe usoni, kwapani wala kwenye mikunjo ya mapaja. Kipimo: kamua mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza. Hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Tyubu ya gramu 15 ina mistari 30 ya namna hiyo. Mgonjwa mwenye vipele vichache vya mikononi anayeimaliza kwa siku 4 anapaka mwili mzima, muulizeni kwa nini.

Mabamba ya miundi yapakwe usiku na kufunikwa kwa nailoni safi hadi asubuhi. Yakigoma, sindano ya triamsinoloni ya miligramu 10 kwa mililita huchomwa ndani ya bamba lenyewe, matone madogo ya mililita 0.1 kila baada ya sentimita 1, na hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6. Ikiingia chini sana, kwenye mafuta ya ngozi, huacha shimo na doa jeupe. Kwa hiyo si kazi ya kujifunzia peke yako. Muwasho wa usiku upunguzwe kwa klorfeniramini ya miligramu 4 au setirizini ya miligramu 10, na vaselini kila baada ya kuoga.

Na lini tuache kupaka? Kidole ndicho kinachoamua, si jicho. Kipele kikishalala na muwasho ukaisha, dawa inasimama hata kama pamebaki peusi tii. Anayeendelea kupaka akingoja weusi uishe anajiletea jambo baya zaidi. Klobetasoli hupausha ngozi nzima ya kandokando. Ngozi ya kando ikipauka, alama inaonekana nyeusi kuliko ilivyokuwa. Anapaka zaidi. Ngozi inakonda, mishipa inaonekana, inachanika kwa mkwaruzo mdogo. Kisha rafiki anamletea mkorogo wa kung'arisha wenye haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo Shirika la Viwango la Uganda lilishavipiga marufuku kwenye vipodozi, na sasa mnaye mgonjwa wa mambo mawili. Zile tyubu zilizochanganywa steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki, ambazo kila duka linazo kwa sababu zinanunulika, hazina nafasi hapa kabisa. Kwa alama mwambieni shati la mikono mirefu, kofia, na subira ya mwaka mmoja au miwili. Ni jibu lisilouza kitu, lakini ndilo.

Vipele vikifunika mwili, au vikila kucha na nywele, daktari anaweza kutoa prednisoloni ya vidonge, nusu miligramu kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anameza miligramu 30 asubuhi baada ya chakula, wiki 4 hadi 6, kisha inapunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Kabla ya kidonge cha kwanza apimwe sukari na presha, aulizwe kikohozi, jasho la usiku na kukonda, ajue hali yake ya VVU, na atibiwe minyoo ya strongiloidi, ambayo steroidi huweza kuifanya isambae mwilini na kuua. Dawa ya minyoo hiyo ni ivermektini. Ila mtu aliyeishi kwenye misitu ya Kongo achunguzwe kwanza kama ana Loa loa, minyoo ya jichoni, kwa maana akiwa na vimelea hivyo vingi damuni ivermektini inaweza kumdhuru ubongo. Prednisoloni haiuzwi kwa kukisia.

Kipande cha ngozi kinachopelekwa maabara kikatwe kwenye kipele hai ambacho hakijakunwa wala kupakwa dawa kwa wiki mbili au zaidi. Ukikata kwenye alama nyeusi, maabara itakujibu kwamba imeona melanini ndani ya ngozi, jambo ulilokuwa unalijua. Mdomoni kata kwenye ukingo mweupe, si katikati ya kidonda. Kifaa cha milimita 4 kinatosha. Kichupa kiwe na fomalini ya asilimia 10, wingi wake angalau mara 10 ya kipande, kisiwe maji, kisiwe spiriti, na jina liandikwe kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana njiani.

Mkimwandikia rufaa kuja hospitali ya rufaa hapa, au kwenda kliniki za ngozi za Mulago na Mbarara, andikeni tarehe vipele vilipoanza, idadi ya vilivyo hai, hali ya mdomo, kucha, kichwa na sehemu za siri, dawa zote za mwaka uliopita na tarehe zake, na kila tyubu iliyopakwa. Mpigeni picha kwa simu kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuanza dawa, akikubali, na picha ibaki kwenye simu yake mwenyewe. Vichupa vya mafuta, lenzi na tochi viko kwenye meza ya nyuma. Kuna wagonjwa wawili waliokubali kwa hiari yao muwaangalie mikono na vinywa, mmoja mmoja, mkiwa na glavu. VHT watangulie.